Agosti Tulipoifufua Injini ya Guka

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na oili kuukuu bado hunirudisha Skuta, mtaa mmoja wa Nyeri, nyuma ya nyumba yetu ya mbao, mwezi wa Agosti nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Agosti ya Nyeri haina jua. Ukungu hulala juu ya mabati hadi saa tano za asubuhi, nguo hukaa kambani siku tatu na bado zikatoka na unyevu, na Mlima Kenya wenyewe waweza kupotea wiki mbili nzima hata mgeni akadhani watu wa huku huuota tu. Katika ukungu huo, chini ya kibanda cha mabati kilichoegemea mkaratusi, lilikuwako gari la Guka, baba yake Mama. Lilikuwa gari refu la rangi ya maziwa, lenye viti vitatu kwa nyuma, na kwa miaka sita halikuwa limesogea hata hatua moja. Kuku wetu walitagia kiti cha nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuokota mayai, kwa hiyo nililijua gari lile kwa ndani kabla sijajua kwamba magari hutembea kwa kitu kilicho chini ya boneti.

Guka alilinunua alipokuwa akipeleka maziwa ya wafugaji wa Tetu mjini, na alipougua akalala mwaka mzima, ni Mama aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Ndugu zake Mama walipata mashamba. Yeye alipata gari. Guka alimpa mbele ya watu kabla ya kufa, pamoja na kitabu cha gari chenye muhuri, ndiyo hati ya umiliki, na Mama alikitia kitabu hicho kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, chini ya shela ya harusi na cheti changu cha kuzaliwa. Hakujua kuendesha. Gari likakaa, injini ikakwama, na Mama akaendelea kwenda Karatina kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kununua karoti, kabeji na viazi, akivileta Skuta kwa lori za watu na kuviuza mbele ya nyumba yetu. Mara nyingine alirudi gunia moja likiwa limepondwa na magunia ya wenzake. Alikuwa akilitazama lile gari anapopita kwenda kukamua mbuzi.

Baba hakuwa mtu wa Nyeri. Alitoka magharibi, karibu na mpaka wa Uganda, akaletwa huku na kazi ya ualimu, na kwa kuwa Mama ni Mgikuyu, nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kila mtu kwa ladha yake. Mimi nilipewa jina la mama yake mzazi, Naliaka, na kwa sababu hiyo Baba hakuniita kwa jina kamwe. Aliniita Mama. “Mama, niletee maji ya kunawa. Mama, umesoma leo?” Wasichana wenzangu walicheka, lakini mimi nilijiona mkubwa. Miaka mitatu kabla ya Agosti hiyo alikuwa amehamishiwa shule moja upande wa Kagio, kule Kirinyaga, na tangu hapo tulimwona Jumamosi na Jumapili, halafu Jumapili peke yake, halafu kila baada ya wiki mbili. Alisema nauli ni ghali na madaftari ya wanafunzi ni mengi. Shule zilipofungwa mwaka ule alikuja na begi lake lote, akalala usingizi mrefu, na asubuhi ya pili nikamkuta amesimama mbele ya gari la Guka, mikono kiunoni, kama mtu anayemkagua ng’ombe sokoni.

“Mama,” akaniambia, “hili gari tutalifufua. Mimi na wewe.”

Nilikimbia kumwambia Mama. Alikuwa akifunga leso kichwani tayari kwa safari ya Karatina. Alisimama kidogo, akauliza, “Ati hiyo gari ya baba yangu? Itatembea kweli?” Kisha akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku, akasema, “Basi angalia usikatwe vidole.”

Baba alinieleza ugonjwa wa ile injini kama alivyowaeleza wanafunzi wake somo la sayansi, akichora kwa kijiti kwenye udongo. Ndani ya injini mna matundu manne ya duara, na ndani ya kila tundu mna pistoni inayopanda na kushuka. Kila pistoni imevishwa ringi za chuma, nyembamba kama bangili, na ringi hizo ndizo zinazobana tundu ili nguvu ya moto isivuje na oili isipande. Gari likikaa miaka sita kwenye unyevu wa Nyeri, ringi hushikwa na kutu zikajigandisha kwenye kuta. Huwezi kuzilazimisha, maana chuma chake hukatika kama biskuti. Tulifungua plagi zote nne, zile zinazotoa cheche ya kuwasha moto, na kwa bomba la sindano aliloomba zahanati tukamimina mafuta ya taa na oili ya gia katika kila tundu. Halafu tukangoja. “Subira huvuta heri,” alisema, na kwa siku nne hatukufanya lolote ila kuchungulia kwa tochi na kuongeza mafuta yaliyonywewa. Siku ya tano akaweka spana ndefu mbele ya injini, akaitia bomba la maji ili mkono wake urefuke, akasukuma. Hakuna. Akasukuma tena jioni. Siku ya saba, mvua nyembamba ikinyesha, nilikuwa nimeshika bomba pamoja naye, mikono yangu juu ya yake, nikasikia mlio mdogo kama wa mlango wa zamani. Bomba lilishuka upana wa kidole. Tulitazamana. Baba akapiga kelele za kwao, akanibeba akanizungusha hadi viatu vikanitoka.

Lakini kuzunguka si kupona. Ringi zilikuwa zimeachia kuta, bado zimeganda ndani ya mifereji ya pistoni, na injini ya namna hiyo haina pumzi. Ikabidi tuifungue. Baba alilala juu ya gunia chini ya gari, mimi juu, tukaitoa kofia ya injini, kisha bakuli la oili, na pistoni moja moja zikatolewa kama meno. Tuliziloweka ndani ya ndoo ya mafuta ya taa. Kazi ya kuzitoa ringi ikawa yangu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinene na havikuwa na subira aliyokuwa akiihubiri. Nilikaa juu ya jiwe siku nzima, koti la shule begani, nikiingiza ncha ya wembe mkuukuu chini ya ringi, nikiitikisa, nikiongeza mafuta, nikiitikisa tena, mpaka inaachia. Zilikuwa kumi na mbili. Sikuvunja hata moja. Mifereji tuliikwangua masizi, kuta tukazisugua kwa msasa laini, na kila jioni nilinuka mafuta ya taa hata Mama akanifukuza karibu na jiko. Ringi za pistoni ya tatu zilikuwa zimelika. Baba alizipima kwa kucha yake, akazirudisha hivyo hivyo. “Itakula oili kidogo,” alisema, “lakini itafika.” Sikumwuliza itafika wapi.

Sijawahi kuwa na furaha kama ya mwezi ule, na ni vigumu kuandika sentensi hiyo. Baba aliongea nami kuliko alivyoongea tangu nizaliwe. Alinisimulia mto wa kwao na jinsi alivyokuwa akitega samaki kwa vikapu, akaniambia nikimaliza shule nitakuwa injinia, akanifundisha kumjua fundi mwongo kwa kumtazama anavyopanga spana zake. Sikuwa na ndugu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemgawana Baba na safari, na sasa alikuwa wangu kuanzia asubuhi mpaka giza linapoingia. Kama angeniomba niingie ndani ya tundu la injini, ningejaribu.

Aliniomba jambo dogo zaidi. Ilikuwa Alhamisi, Mama yuko Karatina, na kofia ya injini ilikuwa imerudishwa. Baba alikuwa akipangusa mikono kwa tambara, bila kunitazama.

“Mama, unajua kile kitabu cha gari kinapokaa?”

Nilijua. Nilijua pia kwamba ufunguo wa sanduku ulifichwa ndani ya kopo la majani ya chai.

“Kilete. Nataka kumtengenezea mama yako karatasi mpya, bima na kila kitu, gari liwe halali barabarani. Lakini usimwambie. Tutamshtukiza.”

Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema, na mimi nilijivunia kuwa kata. Nilikwenda mbio. Niliinua shela, nikatoa kitabu, nikarudisha shela ilivyokunjwa, nikafunga, nikarudisha ufunguo kwenye kopo. Nilifanya kazi safi. Baba alikitia kitabu ndani ya shati, akanipapasa kichwa kwa mkono wenye oili.

Injini ilishika Jumatano iliyofuata, saa kumi alasiri, baada ya kuazima betri ya jirani. Kwanza ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu uliofunika mkaratusi na kuku wote, majirani wakatoka wakidhani kunaungua. Kisha moshi ukapungua na mlio ukatulia, mzito na wa upole. Mama alikuja kutoka mbele akiwa na kisu cha kukatia sukumawiki mkononi. Alisimama, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka, akamwambia Guka kwa Kigikuyu, polepole, “Baba, unasikia?” Nilimwona akilia. Baba alificha uso wake kwa kuinama kutazama gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Ijumaa alinizungusha Skuta nzima, mimi kiti cha mbele. Jumamosi, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, alimwambia Mama aende Karatina asubuhi na lori kama kawaida, anunue mara mbili ya siku zote, asikodi gari la kurudi. Yeye angemfuata saa nane. “Leo utarudi umekaa mbele kama mke wa diwani,” alimwambia, na Mama akavaa gauni lake la kanisani kwenda kununua viazi. Mimi niliomba kwenda pia. Baba akasema nibaki nipike chapati za kusherehekea. Saa sita na nusu aliwasha gari. Alikuwa amelitia begi lake nyuma, nikaliona, nikadhani ni nguo za kwenda kufuliwa, maana mtoto huipa kila kitu maelezo mazuri. Alipiga honi mara mbili akaondoka. Nilipika chapati ishirini.

Mama alirudi jua limezama, mguu kwa mguu kutoka barabara kuu, akifuatwa na mkokoteni uliobeba magunia. Alikuwa amengoja kando ya soko tangu saa nane, wenzake wakiondoka mmoja mmoja, naye akiwaambia hana haja ya lori, mume wake yuko njiani na gari. Baadaye, mvua ilipoanza, aliwaza ajali. Alimsimamisha kila dereva aliyetoka Nyeri akiuliza kama ameona gari refu la rangi ya maziwa limepinduka. Gauni la kanisani lilikuwa limeloa hadi kiunoni. Aliona chapati mezani, akaniona mimi, akapita moja kwa moja chumbani. Nilisikia sanduku likivutwa sakafuni. Kisha akasimama mlangoni.

“Hiyo kitabu ya gari iko wapi?”

Nikasema sijui.

“Nani amefungua hii sanduku?”

Nikasema sijui, labda Baba. Alinitazama. Halafu akasema, “Kula chapati zako, zitapoa.”

Baba hakurudi Jumapili, wala Jumapili ile nyingine. Mama alikwenda kwa chifu, akaambiwa mume hawezi kuiba nyumbani kwake. Ndugu zake walimwambia ndiyo matokeo ya kuolewa na mtu usiyemjua kwao. Yeye alirudi kwenye lori za Karatina. Mimi nililala na jambo langu kifuani kama aliyemeza kokwa. Lakini bado nilimtetea Baba moyoni: alikuwa ameharibikiwa njiani, alikuwa hospitalini, alikuwa akiitafuta ile bima. Mwisho wa Septemba, jirani yetu Mama Wambui, aliyekuwa akichukua nyanya Kagio, alihitaji mtu wa kumlindia makreti akizunguka kununua. Nilijitolea kabla hajamaliza kusema.

Sikuhitaji kutafuta. Gari la Guka lilikuwa limeegeshwa ukingoni mwa soko la Kagio, boneti juu, na miguu ya suruali niliyokuwa nimeifua mara nyingi imesimama mbele yake. Niliacha makreti nikakimbia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita nilipomwona mwanamke aliyeketi kiti cha mbele, mnene, mwenye uso mzuri wa mtu mchangamfu, amepakata mtoto wa kiume wa kama miaka miwili. Mtoto alinyoosha mkono dirishani akasema, “Baba, twende.” Baba aligeuka kumjibu, akaniona mimi.

Nimeifikiria ile dakika kwa miaka mingi. Uso wake haukuwa na hasira, wala aibu. Ulifanya hesabu. Mwanamke aliuliza kwa upole, “Huyu ni nani?”

“Ni mtoto wa jirani, kule Nyeri,” Baba akasema. “Mama yake anauza mboga.”

“Karibu, msichana,” yule mwanamke akaniambia, na kwa kweli alifurahi kuniona. Akanipa ndizi.

Baba alirudi chini ya boneti. Injini ilikuwa ikikataa kushika, na alikuwa akisokota waya zisizohusika. Kwa sauti ya chini, bila kugeuka, akasema, “Shika hapa.” Na mimi nikashika. Hilo ndilo ninaloshindwa kumweleza mtu. Niliweka ndizi chini, nikachukua spana ya plagi mkononi mwake, nikafungua plagi ya tundu la tatu, ikatoka nyeusi, inang’aa oili, kama nilivyojua itakavyotoka. Niliifuta kwa pindo la sketi yangu, nikaikwangua ncha kwa kokoto, nikairudisha, nikaikaza. Baba aliingia ndani, akawasha, ikashika mara moja.

“Ati huyu msichana anajua gari!” mwanamke akasema, akicheka.

“Watoto wa Nyeri ni wajanja,” Baba akajibu. Akafunga boneti, na walipokuwa wakiondoka alinipungia mkono, kama unavyompungia mtoto wa jirani.

Mama Wambui alinigombeza kwa makreti mawili yaliyoibiwa, akauliza doa lile la sketini limetoka wapi. Nikasema nilianguka. Sikumwambia Mama nilichokiona Kagio. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilijihesabu miongoni mwa walao.

Sasa nina binti wa umri ule. Nafanya kazi katika maabara ya hospitali moja hapa mjini, nina gari dogo, na Jumamosi nampeleka Mama Karatina, ingawa hana tena haja ya kuuza. Anapenda kuchagua karoti mwenyewe. Baba alistaafu akarudi magharibi peke yake, yule mwanamke wa Kagio naye akaachwa kama sisi. Gari la Guka liliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, nasikia, zamani sana. Barabara ya kwenda Karatina imekuwa pana na laini, na safari iliyokuwa ikimmalizia Mama nusu siku sasa huisha kabla hatujamaliza mazungumzo.

Mwaka jana, tukiwa njiani, nilimwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kuhusu kopo la majani ya chai, shela, kitabu ndani ya shati la Baba, halafu Kagio, ndizi, plagi. Niliongea nikitazama barabara mbele. Nilipomaliza tulikuwa tumefika, nimeegesha, na Mama alikuwa ameshika kikapu chake magotini.

“Ya Kagio sikujua,” alisema. “Ile ya kitabu nilijua siku hiyo hiyo. Uliacha mkono wa oili kwa shela yangu. Kidogo hivi.” Akanionyesha kwa kidole gumba.

“Mbona hukusema?”

Alifikiri kwa kweli, kama mtu anayetafuta jibu asilowahi kuhitajika kulitoa. “Nilikuwa na hasira na wewe,” akasema. “Halafu ikaisha, na sikuona haja ya kuiongea.”

Akafungua mlango, akashuka, akaingia sokoni kwa mwendo wake wa taratibu, akisalimiana na watu. Nilitegemea kwamba siku nitakayosema ukweli ningepata nafuu. Badala yake nilikaa pale nikiwatazama akina mama wakimwaga viazi juu ya magunia, nikimfikiria yule msichana aliyelala miaka na miaka akiogopa kujulikana, na chumba cha pili, ukuta wa mbao tu katikati, Mama aliyeijua siri ya kitabu amelala kimya. Baba aliniacha mara moja, mchana, mbele ya watu. Mama alibaki nami kila siku, akanilisha, akanisomesha, na kwa kulinyamazia jambo hilo moja akaniacha pia. Nampenda, na sijamsamehe, na sijui kama anajua kwamba kuna cha kusamehewa. Baada ya muda alijitokeza kati ya watu, akanipungia nije nimsaidie kubeba. Nikafunga gari, nikaenda.